Nani aliyezijenga shule za Rosenwald?

Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago, alitimiza miaka 50 tarehe 12 Agosti 1912, na badala ya kupokea zawadi akaamua kuzitoa. Aligawa karibu dola 700,000 kwa taasisi mbalimbali, na katika hizo dola 25,000 zilikwenda kwa Booker T. Washington, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee, chuo cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Alabama, ili naye azigawe kwa vyuo vidogo vya Wamarekani Weusi vilivyofuata mfano wa Tuskegee. Washington alizigawa, na mwisho wa hesabu zikabaki dola 2,800. Aliandika barua kueleza kuwa kuna salio, akaomba ruhusa ya kulijengea shule sita ndogo za vijijini. Rosenwald alikubali. Ya kwanza kukamilika ilikuwa ya Loachapoka, Alabama, mwaka 1913. Iligharimu kama dola 942, na katika hizo Rosenwald alitoa 300. Zilizobaki zilichangwa na wakazi wenyewe, Weusi kwa Weupe, wengine kwa fedha na wengine kwa mikono yao.

Basi chenji hiyo ndiyo iliyozaa shule 4,977. Ndani ya miaka 20, katika majimbo 15 ya kusini mwa Marekani, zilijengwa shule hizo pamoja na nyumba 217 za walimu na karakana 163, na kupatikana nafasi kwa wanafunzi zaidi ya 660,000. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1928 mtoto mmoja kati ya kila watatu Weusi wa vijijini Kusini aliyekuwa anasoma, alisoma katika shule ya namna hiyo. Sijui taasisi nyingine ya familia, mahali popote, iliyoshikilia jambo moja la shule za umma kwa muda mrefu kiasi hicho na kuliacha limeenea kiasi hicho.

Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi ya serikali kwa miaka mingi, na kila mara mfadhili anapokuja swali linalotusumbua si namna ya kumshukuru, maana hilo tunalijua, bali ni namna ya kupokea bila kujikuta tumebaki na jengo lisilo na mwenyewe. Nimezisoma habari za shule za Rosenwald nikiwa na swali hilo kichwani, na ndiyo sababu sitazisimulia kama habari za tajiri mwenye moyo mwema, ingawa alikuwa nao. Nitazisimulia kwa kuangalia daftari la michango.

Kwanza mwenye fedha. Rosenwald alizaliwa Springfield, Illinois, mwaka 1862, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani. Baba yake alikuwa muuza nguo, na yeye akaifuata biashara hiyo, hata mwaka 1895 akanunua sehemu ya Sears, Roebuck, kampuni iliyokuwa inauza bidhaa kwa njia ya posta kupitia katalogi nene iliyofika mpaka kwa wakulima wa mbali kabisa. Kampuni ilipoanza kuuza hisa zake kwa umma mwaka 1906 alitajirika sana, na mwaka 1908 akawa rais wake. Waliomfahamu wanataja nguvu ya rabi wake, Emil Hirsch wa sinagogi la Sinai huko Chicago, ambaye alihubiri kwamba kutoa ni wajibu wa mwenye nacho, si hisani yake. Mwaka 1910 Rosenwald aliahidi kutoa dola 25,000 kwa kila mji ambao wakazi wake wangekusanya dola 75,000 ili kujenga jengo la YMCA, yaani chama cha vijana Wakristo, la vijana Weusi. Mpango wa shule uliokuja baadaye ulitoka humo: nitatoa, ila mkitangulia.

Sasa shule zenyewe. Kisheria, mtoto Mweusi wa Alabama au Mississippi alikuwa na haki ya kusoma katika shule ya umma, na wazazi wake walilipa kodi kama wengine. Lakini bodi za elimu za kaunti zilikuwa mikononi mwa Weupe, na kwa kuwa Weusi walikuwa wamenyang'anywa haki ya kupiga kura kwa sheria na kwa vitisho, hapakuwa na namna ya kuwaondoa madarakani waliokuwa wakiipeleka kodi hiyo kwenye shule za Weupe. Watoto Weusi walisomea makanisani, au kwenye kumbi za vyama vya kuzikana, au kwenye vibanda vilivyovuja. Muhula wao ulikuwa mfupi, kwa sababu mikono yao ilihitajika mashambani wakati wa kupanda pamba na wakati wa kuichuma. Wengi wa wazazi walilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, na mwisho wa msimu, baada ya kukatwa deni la duka la mwenye shamba, walibaki na kidogo sana au walibaki na deni. Hao ndio walioambiwa watangulie kuchanga.

Masharti ya mpango yalikuwa machache, lakini yalikuwa makali. Kiwanja kiwe na ukubwa wa ekari mbili au zaidi. Wananchi wachange fedha, vifaa, ardhi au nguvu kazi vyenye thamani sawa na mchango wa Rosenwald au zaidi yake. Kaunti ikubali kuiendesha shule kama sehemu ya mfumo wake, maana yake iajiri mwalimu, imlipe, na ihakikishe muhula haupungui miezi mitano. Kiwanja na jengo viandikwe kuwa mali ya mamlaka ya elimu ya umma. Na fedha zote zikijumlishwa, za Rosenwald, za wananchi na za kaunti, zitoshe kuimaliza shule mpaka madawati, ubao, jiko la kupashia joto na vyoo viwili.

Sharti la mwisho ndilo lililonifanya niweke kitabu chini nikatembea kidogo. Kwetu Tanzania tuna utaratibu unaofanana na huu kwa mbali: wananchi wanajenga boma mpaka usawa wa lenta, kisha halmashauri inapaua. Kwa nguvu za wananchi za namna hiyo zimejengwa shule nyingi za msingi, na baada ya mwaka 2006 sekondari za kata. Lakini kila anayesafiri vijijini ameyaona maboma yaliyokaa miaka bila paa. Lipo moja ninalolifahamu vizuri, la vyumba viwili, ambalo matofali yake yameanza kumomonyoka upande unaopigwa na mvua, nondo zimepata kutu, na ndani yake kuna mtu amepanda maboga. Waliochanga matofali yale wamo kwenye daftari: huyu tofali 50, yule debe la mahindi likauzwa, mwingine siku tatu za kubeba maji. Hawakukosa moyo. Kilichokosekana ni mtu aliyekaa chini kabla ya tofali la kwanza, akajumlisha kilichopo na kilichoahidiwa, akasema hakitoshi, tusianze. Fedha ya Rosenwald, ndogo ilivyokuwa, ilifanya kazi hiyo ya kulazimisha hesabu ifungwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Na jinsi wananchi walivyozipata fedha zao ni habari inayotosha makala yake yenyewe. Waliuza kuku na nguruwe. Walipika samaki na kufanya karamu za kuuziana vyakula vilivyofungwa kwenye visanduku. Waliokuwa na msitu walitoa magogo, wenye nguvu wakayapasua mbao. Mahali pengi walitenga kipande cha shamba la pamba, kila familia ikapalilia kwa zamu, na mavuno yake yakawa ya shule. Kutoka Boligee, Alabama, kuna taarifa iliyoandikwa na M. H. Griffin, wakala wa mpango huo katika jimbo hilo, kuhusu mkutano mmoja wa kuchangisha. Mzee aliyekuwa ameuona utumwa kwa macho yake alitoa mfukoni kifuko kikuukuu chenye mafuta mafuta, akakimwaga mezani: sarafu za senti moja, za senti tano, za senti kumi na za dola. Zilipohesabiwa zilikuwa dola 38, na ndiyo akiba yake yote ya maisha.

Nyuma ya mikutano kama hiyo mara nyingi alikuwepo mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jengo. Mwaka 1907 Anna T. Jeanes, bibi wa madhehebu ya Quaker wa Philadelphia, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watoto Weusi Kusini, na kwa fedha hizo waliajiriwa walimu wasimamizi, wengi wao wanawake Weusi, waliozunguka kaunti nzima kutoka shule hadi shule. Wa kwanza alikuwa Virginia Randolph, katika kaunti ya Henrico, Virginia, mwaka 1908. Hawa ndio waliojua ni kijiji gani kina watu wa kuaminika, ni mwenye shamba gani anaweza kukubali kuuza ekari mbili, na ni mjumbe gani wa bodi ya Weupe anayeweza kuongeleka. Fedha zilitoka Chicago, lakini walimu hawa ndio waliozifanya ziote mizizi. Taasisi nyingi za kifamilia ninazoziona leo zinagharamia madarasa na kumsahau mtu wa kutembea kati ya madarasa. Nadhani ni kwa sababu mtu huyo hapigiki picha.

Wazo la walimu hao lilifika mpaka kwetu, na lilifika kwa fedha ya familia nyingine. Mfuko wa Phelps-Stokes, uliotokana na wosia wa Caroline Phelps Stokes wa New York, ulituma tume ya elimu iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo mwalimu James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa Carnegie Corporation, mfuko wa tajiri Andrew Carnegie, ilifunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, shule iliyoitwa Jeanes School, ili kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini pamoja na wake zao. Eneo hilo baadaye likawa chuo cha watumishi wa serikali, na hadi leo watumishi wa Kenya wanapelekwa huko kwa mafunzo. Wazo lilivuka bahari pamoja na kasoro yake, kwamba Mwafrika, wa Alabama au wa Kiambu, apewe elimu ya mikono na usafi inayomfaa mahali alipowekwa, na swali la nani aliyemweka mahali hapo lisiulizwe. W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, alikuwa ameupinga mapema kabisa mtazamo huo, ambao ndio uliokuwa wa Booker T. Washington, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi, ingawa Du Bois hakuwa na shule 4,977 za kuonyesha.

Nirudi kwenye daftari. Gharama ya majengo yote ilikuwa dola milioni 28.4. Katika hizo, fedha za kodi zilikuwa kama milioni 18.1, yaani karibu theluthi mbili. Weupe wa maeneo hayo walichanga milioni 1.2. Rosenwald na mfuko wake walitoa milioni 4.4. Na Wamarekani Weusi, wale wa kugawana pamba, walichanga milioni 4.7.

Hesabu hiyo inahitaji kutazamwa kwa utulivu. Watu maskini kuliko wote katika nchi ile walitoa fedha nyingi kuliko mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile, na hapo bado hatujahesabu kwamba kiasi fulani cha zile milioni 18.1 za kodi kilikuwa chao pia, kwa sababu walilipa kodi. Mwanahistoria James Anderson aliuita mpango huu kuwa ni kutozwa kodi mara mbili: mara ya kwanza kodi yao ilichukuliwa ikajenga shule za watoto wa wengine, na mara ya pili wakaombwa wachange ili kodi ile ile irudi kidogo kwao. Hakuna aliyewaambia wazazi Weupe wauze kuku ili watoto wao wapate shule ya umma.

Wapo wanaoijibu hoja hii kwa kusema kwamba mtu hukithamini alichokitolea jasho, na kwamba bila mchango wananchi wasingeiona shule kuwa ni yao. Nimelisikia neno hilo kwenye vikao vingi, na karibu kila mara limetoka kwa mtu ambaye mtoto wake hasomi katika shule inayozungumzwa. Mzee wa Boligee hakuhitaji kufundishwa kuthamini shule. Aliitoa akiba yake kwa sababu aliijua thamani yake tangu utumwani, ambako kumfundisha kusoma mtu kama yeye kulikuwa kosa la jinai. Sharti la mchango halikuwa somo la uzalendo kwake. Lilikuwa bei.

Hata hivyo sitaki kulitupa sharti lenyewe, kwa sababu lilikuwa na meno mawili, na jino la pili liliing'ata kaunti. Angalia tena zile milioni 18.1. Bodi za elimu ambazo kwa miaka mingi hazikuwa zimetoa karibu chochote kwa majengo ya watoto Weusi zilijikuta zikitoa, kwa sababu mbele yao kulikuwa na hundi kutoka Chicago ambayo ingerudi ilikotoka wasipotoa, na kulikuwa na wananchi waliokwisha kuweka kiwanja, mbao na fedha mezani. Mwenyekiti wa bodi aliyekataa ilimbidi akatae mbele ya watu. Kila dola ya Rosenwald ilivuta zaidi ya dola nne za umma, na kwa kuwa hati ilikuwa ya kaunti na mwalimu alikuwa wa kaunti, kazi ya kuendelea kulipa haikumrudia yeye. Kama Rosenwald angejenga shule zake binafsi kwa fedha yake yote, angeweza kuwa na shule mia chache nzuri sana, na kaunti zingepumua kwa raha, zikasema watoto Weusi wamepata mtu wa kuwasomesha.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kuisaidia shule ya umma na kuisaidia serikali kukwepa wajibu wake. Nimewahi kushuhudia mfadhili mmoja, familia yenye nia njema kabisa, ikijenga madarasa mazuri, ikaajiri walimu wa ziada kwa posho yake, ikaweka bango kubwa lenye jina lake barabarani. Mwaka wa nne mambo ya biashara yao yakageuka. Walimu wa ziada waliondoka mwezi huo huo, na tulipokwenda kuomba mbadala tuliambiwa ikama ya shule yetu imejaa, kwa sababu muda wote ule kwenye makaratasi tulikuwa tumehesabiwa kuwa tunao. Bango lipo mpaka leo.

Majengo yenyewe yanastahili maneno machache, maana nayo yalikuwa sehemu ya msaada. Ramani za kwanza zilichorwa Tuskegee na watu kama Robert R. Taylor, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1892. Mwaka 1920 ofisi ya mpango ilihamishiwa Nashville, Tennessee, chini ya Samuel L. Smith, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba baadhi ya shule zilikuwa zimejengwa ovyo na hesabu hazikwenda sawa. Kuhama huko kuliupa mpango nidhamu, na kuliuondoa pia kutoka mikononi mwa Weusi waliouanzisha. Yote mawili ni kweli. Ramani za Nashville zilitolewa bure kwa yeyote aliyezitaka, na kwa hiyo hata shule nyingi za Weupe zikajengwa kwa kuzifuata.

Vijiji vile havikuwa na umeme, kwa hiyo ramani nzima ilizunguka suala la mwanga. Madirisha yalikuwa marefu, yakapangwa kwa safu upande mmoja wa darasa, na jengo likaelekezwa mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la alasiri liingie ndani. Madawati yalipangwa ili mwanga utokee kushoto kwa mwanafunzi, kivuli cha mkono wa kuandikia kisiangukie daftari. Kuta zilipakwa rangi hafifu. Kati ya vyumba viwili kulikuwa na mlango wa kukunja, ukifunguliwa panakuwa ukumbi wa mikutano ya kijiji. Kwa mtu aliyezoea madarasa yetu ambayo dirisha linakatwa mahali ambapo fundi ameona panafaa, uangalifu huo unatia wivu. Gharama yake ilikuwa ndogo. Ilitaka tu mtu aliyewahi kukaa darasani akafikiri.

Je, ilisaidia? Wachumi wawili wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Chicago, Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi ambao uliwalinganisha watoto waliokulia karibu na shule hizi na wale ambao hawakuwa nazo. Walikuta kwamba shule hizi ziliongeza mahudhurio, kujua kusoma na kuandika, idadi ya miaka ya masomo na hata alama za majaribio ya akili, na kwamba zinaeleza sehemu kubwa ya maendeleo ya elimu ya Weusi wa vijijini Kusini kati ya vita vikuu viwili. Walikuta pia kwamba waliosoma humo walihamia Kaskazini kwa wingi zaidi. Jambo hilo la mwisho halikuwemo katika mipango ya wenye mashamba waliokubali shule zijengwe wakidhani zitawatuliza vibarua wao. John Lewis, ambaye baadaye alikuwa kiongozi wa harakati za haki za raia na mbunge wa Georgia, alisoma shule ya Rosenwald katika kaunti ya Pike, Alabama. Mwandishi Maya Angelou alisoma katika nyingine, Stamps, Arkansas.

Rosenwald hakutaka mfuko wake uishi milele. Aliuanzisha rasmi mwaka 1917, na alipoupanga upya mwaka 1928, akiuongezea hisa zake za Sears na kumwajiri Edwin Embree kuuongoza, aliweka sharti kwamba fedha zote, mtaji pamoja na faida, ziwe zimetumika ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 1929 aliandika makala katika jarida kupinga mifuko ya kudumu. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kizazi kina mahitaji yake na matajiri wake, na kwamba wadhamini wanaolinda mtaji usipungue huishia kuwa waoga, wakaulinda mtaji kuliko watu. Mwaka huo huo soko la hisa likaanguka, na hisa za Sears zikaanguka nalo. Rosenwald alifariki Januari 1932, na mwaka huo ujenzi wa shule ukasitishwa. Baada ya hapo mfuko ulisaidia shule moja tu, ya Warm Springs, Georgia, kwa ombi la Rais Franklin Roosevelt mwenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1937. Fedha zilizobaki zilikwenda kwenye vyuo vikuu, afya, mahusiano ya rangi, na ruzuku kwa wasanii na wasomi kama Langston Hughes, Jacob Lawrence na Du Bois yule yule. Mwaka 1948 mfuko ukafungwa, mapema kuliko sharti lilivyotaka.

Kwa hoja hiyo ya kutotaka kudumu ninaafikiana naye nusu. Ni kweli kwamba fedha yenye tarehe ya mwisho inamlazimisha mtoaji kumkabidhi mwingine kazi tangu siku ya kwanza. Lakini miaka 20 ya kujenga kitu kimoja kwa masharti yale yale si muda mfupi, na watu wanaomtaja Rosenwald ili kuhalalisha miradi ya miaka mitatu wanamsingizia. Kijiji kilichokosa kiwanja mwaka 1915 kiliweza kukipata mwaka 1922, na mpango ulikuwepo ukikisubiri. Bodi iliyokataa mwaka huu iliweza kuona aibu mwakani. Shule yetu haijawahi kukutana na mfadhili ambaye angeweza kukataliwa kisha akarudi baada ya miaka saba na barua ile ile.

Kosa kubwa la mpango huu lilikuwa kule kukubali kwake kwamba watoto watengwe kwa rangi. Ulijenga shule bora ndani ya utaratibu mbovu, na haukuugusa utaratibu wenyewe. Sidhani kwamba mwaka 1913, Alabama, mtu angeweza kuugusa akabaki na shule hata moja, lakini matokeo yake yalionekana baadaye. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1954 kwamba shule za umma za kutenganisha rangi ni kinyume cha katiba, na utekelezaji ulipokuja kufika kweli kweli katika miaka ya 1960, kaunti ziliunganisha shule kwa kuzifunga za Weusi na kuwapeleka watoto wao katika za Weupe. Walimu Weusi wengi walipoteza kazi. Majengo yale ya madirisha marefu yaligeuzwa stoo za kaunti, yakaungua, yakaoza. Mwaka 2002 shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria liliziweka shule za Rosenwald kwenye orodha ya mahali palipo hatarini zaidi kupotea, na leo zinazosimama ni kama moja katika kila kumi.

Hapo ile hati iliyoandikwa kwa jina la kaunti, ambayo nimeisifu hapo juu, inaonyesha upande wake wa pili. Ilipofungwa shule, kiwanja hakikurudi kwa ukoo uliokitoa wala jengo kwa kanisa lililochanga mbao. Vilikuwa mali ya kaunti, na kaunti iliweza kuviuza. Sehemu mbalimbali shule ziliuzwa kwa mnada, na waliojitokeza kununua walikuwa makanisa ya Weusi na vyama vya wazee waliosoma humo, wakikusanya tena fedha kwa karamu za samaki, ili wayapate majengo ambayo babu zao walikuwa wameyalipia mara mbili.